Kitabu cha mjomba, na ile vita ya Marekani na Uingereza ya 1812

Mjomba wangu alikuwa baharia. Sio baharia wa hawa wa siku hizi wa mtaani ambao bahari yenyewe wanaijua kwa kuogelea sikukuu, hapana, baharia wa meli za mizigo, alipanda Tanga miaka ya sabini mwanzoni akaja kushuka moja kwa moja miaka ya tisini, ana mvi na sanduku moja la bati. Mwaka jana nilienda kumsalimia, tumekaa barazani tunakunywa kahawa, akaenda ndani akarudi na kitabu chake cha ubaharia. Jalada limefifia hadi hujui lilikuwa rangi gani, kurasa zimenata kwa unyevu, ukizibandua zinatoa sauti kama plasta inatoka kwenye kidonda. Humo ndani mihuri ya bandari mpaka pembeni.

Akaniwekea kidole kwenye muhuri mmoja wa bandari ya Ulaya, akasema hapa niliambiwa mimi Mwingereza. Nikacheka. Yeye hakucheka. Anasema yule afisa alishika kitabu, akakigeuza, akauliza Tanzania ndio nini, mjomba akamwambia ni nchi, jamaa akafikiri kidogo akasema aah, Tanganyika, yetu ile, akachukua fomu akaandika utaifa Mwingereza, akamsogezea kalamu.

"Ukasaini?"

"Meli inaondoka saa kumi jioni, mjomba. Ningefanyaje?"

Miaka karibu hamsini imepita na bado alipokuwa anasimulia kile kikombe alikibana kwenye kisahani mpaka nikaogopa kitapasuka. Hakupigwa, hakudaiwa hela, hakufungwa hata saa moja. Mtu tu aliandika neno kwenye karatasi.

Sasa nilikuwa kipindi hicho nasoma usiku usiku kuhusu vita ya 1812, ile ya Marekani na Uingereza, na kiukweli nilikuwa sielewi. Yaani unachukua nchi yenye watu kama milioni saba, manowari zake hazifiki ishirini, inaenda kutangaza vita na dola lenye manowari zaidi ya mia tano, tena aliyekuwa bwana wake juzi tu. Kwa hesabu ni wazimu. Nilikuwa natafuta sababu kwenye hesabu, mjomba na kikombe chake ndio wakanifanya nianze kutafuta pengine.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Marekani ilijitangazia uhuru 1776, Uingereza ikaukubali kwa mkataba 1783, kwa hiyo 1812 nchi ina miaka 29 tangu bwana aweke saini kwamba haya basi, nendeni. Kuweka saini ni kitu kimoja. Uingereza wakati huo iko kwenye vita ya kufa na kupona na Ufaransa ya Napoleon, jeshi la maji linahitaji watu zaidi ya laki moja, na kazi yenyewe mshahara kiduchu, viboko, chakula cha wadudu, unakaa melini miaka hujakanyaga nchi kavu. Mabaharia wakawa wanatoroka. Na wanatorokea wapi? Kwenye meli za biashara za Marekani, wanakolipwa mara mbili na zaidi, lugha ni ileile, na nahodha haulizi maswali.

Basi makapteni wa Kiingereza wakawa wanasimamisha meli za Marekani katikati ya bahari, wanapanda, wanawapanga watu mstari kwenye sitaha halafu wanachagua, huyu, huyu na yule pale nyuma. Ukichaguliwa umekwenda, utapigana vita isiyokuhusu mpaka ife au ufe. Waliochukuliwa namna hii ni maelfu, makadirio ya kawaida yanaanzia kama elfu sita, na wengi kweli walikuwa Wamarekani wa kuzaliwa. Maana utamjuaje? Kwa sikio tu. Ni kama uchukue Wadigo wa Vanga na Wadigo wa huku Tanga uwapange mstari mmoja, halafu uambiwe sema nani Mkenya.

Serikali ya Marekani ikaanza kuwapa mabaharia wake karatasi, tangu 1796, imeandikwa jina, umri, urefu, kovu liko wapi, na kwamba huyu ni raia. Makapteni wa Kiingereza walikuwa wanaiangalia wanaitupa. Na tuseme ukweli, walikuwa na pointi yao, karatasi hizo zilikuwa zinauzwa bandarini kwa bei ya kutupa, Mwingereza mtoro anaweza kuamka asubuhi akawa kazaliwa Boston. Waziri wa fedha wa Marekani mwenyewe, Gallatin, alipiga hesabu 1807 akakuta kwenye meli za biashara za nchi yake kuna mabaharia Waingereza kama elfu tisa, rais akaona heri hiyo mada tusiiguse sana kwenye mazungumzo. Kwa hiyo msinisome vibaya, hii sio hadithi ya malaika na shetani.

Ila chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine. Sheria ya Uingereza ilisema ukizaliwa chini ya Mfalme wewe ni wa Mfalme mpaka kaburini, uraia hauvuliwi kama shati. Uhamie Philadelphia, uoe huko, uape mbele ya jaji, upige kura, kwao bado wewe ni mtu wao umepotea njia. (Ndugu zangu wa diaspora mnaolilia uraia pacha, ona watu hawa walikuwa wanalazimishwa.) Maana yake Marekani haikuwa na uwezo wa kumfanya mtu kuwa Mmarekani mpaka London ikubali. Na nchi isiyoweza kusema nani ni raia wake, ina uhuru gani? Hapo ndipo nilipomuona yule afisa wa mjomba na kalamu yake.

Tukio lililowasha watu moto lilitokea Juni 22, 1807, nje kidogo ya pwani ya Virginia. Meli ya kivita ya Marekani, Chesapeake, sio ya biashara hii, manowari kabisa yenye bendera, imetoka bandarini inaelekea Mediterania, sitaha imejaa mizigo na makamba, mizinga haijapangwa, wanasema watapanga vizuri mbele ya safari. Manowari ya Kiingereza, Leopard, ikasogea ikasema tunataka kukagua, mna watoro wetu humo. Kamanda wa Kimarekani, James Barron, akakataa. Leopard ikafungua mizinga kwa karibu, watu 3 wakafa palepale, 18 wakajeruhiwa. Kwenye Chesapeake hakuna hata utambi unaowaka. Luteni mmoja, William Henry Allen, akakimbia jikoni akachukua kaa la moto akaliwahisha kwenye mzinga, ukalia mmoja, mmoja tu, halafu bendera ikashushwa. Waingereza wakapanda wakachukua watu wanne. Mmoja, Jenkin Ratford, alikuwa Mwingereza kweli, wakaenda kumnyonga Halifax, Kanada. Watatu walikuwa Wamarekani ambao kwanza walishawahi kutekwa hivyohivyo wakatoroka, na wawili kati yao, William Ware na Daniel Martin, walikuwa watu weusi. Hebu kaa na hiyo dakika moja. Nchi nzima inachemka kwa hasira ya heshima ya taifa kwa ajili ya watu wawili ambao wangeshuka kwenye bandari nyingi tu za nchi hiyohiyo wangeulizwa karatasi nyingine, ya kuthibitisha kwamba sio watumwa.

Rais wakati huo, Thomas Jefferson, angetaka vita angeipata asubuhi ile. Hakutaka. Akaja na wazo kwamba Uingereza inategemea pamba na chakula chetu, tukiwanyima watajirekebisha wenyewe, Desemba 1807 Bunge likapiga marufuku meli kwenda kuuza nje. Jamani. Mauzo ya nje yalishuka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka 1808, meli zikaoza gatini, mabaharia walewale waliokuwa wanalindwa wakakosa kazi, magendo yakashamiri mpakani na Kanada, koloni la Uingereza wakati huo, kama vile hakuna sheria, na Uingereza ikapata taabu kidogo tu kisha ikaenda kutafuta masoko kwingine. Sisi tunajua haya mambo, Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, nchi ina miaka minne, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukayeyuka hivihivi. Nchi changa ikikasirika na mkubwa wake, bili huwa inakuja kwake.

Mimi naona vita ilianzia kwenye kushindwa kwa marufuku ile. Marekani ilikuwa imeandika barua, imelalamika, imejinyonga kiuchumi kwa mkono wake, na kila hatua ilimfundisha Mwingereza kwamba hawa wakikasirika wanaumia wenyewe.

Halafu linakuja jambo ambalo bado linanisumbua. Rais aliyemfuata Jefferson, James Madison, alipopeleka hoja Bungeni Juni 1, 1812, aliorodhesha malalamiko: la kwanza kabisa mabaharia, halafu meli za Kiingereza kuvizia pwani, halafu zile amri za London za kuzuia meli kufanya biashara na Ulaya ya Napoleon, mwisho Wamarekani asilia kuchochewa mipakani. Ungedhani wenye meli ndio watashangilia. Kura ya Baraza la Wawakilishi ikawa 79 kwa 49, Seneti 19 kwa 13, na waliokataa wengi ni wa kaskazini mashariki, Massachusetts, Connecticut, kwenye bandari, kwenye mabaharia! Magavana wao wakakataa hata kutoa mgambo. Waliotaka vita ni wa kusini na magharibi. Kinara wao Henry Clay, Spika, ana miaka 35, anatoka Kentucky. Kentucky hakuna bahari, hata harufu yake hakuna. Mwenzake John C. Calhoun wa South Carolina ana miaka 30.

Angalia hiyo miaka yao. Hawa hawakupigana vita ya uhuru, Calhoun alizaliwa 1782 mambo yanaishaishia. Wamekua wanasikiliza wazee wakisimulia kila jioni, sisi tulimtoa Mfalme, sisi tulivuka mto usiku kwenye barafu, ninyi mmefanya nini? Kwa sisi tuliolelewa na wazee wa TANU hii sauti tunaijua. Kijana aliyepewa uhuru kama urithi ana njaa ya kuonyesha kwamba na yeye angeupigania, na Mwingereza yuko palepale anamchokoza kila wiki.

Lakini pia, na hapa ndio nawashika mkono mabaharia nawaweka pembeni kidogo, kulikuwa na ardhi. Huko magharibi chifu wa Washawnee, Tecumseh, alikuwa anaunganisha makabila yakatae kuuza tena nchi, baada ya mkataba wa Fort Wayne wa 1809 kuwanyang'anya karibu ekari milioni 3. Novemba 1811 jeshi la Harrison, gavana wa Indiana, likapigana na watu wake pale Tippecanoe, zikaokotwa bunduki za Kiingereza, basi ikawa ushahidi, Mwingereza wa Kanada ndiye anayewatuma. Kana kwamba mtu unayemnyang'anya shamba anahitaji kutumwa ndio akasirike. Clay alishawahi kusema wanamgambo wa Kentucky peke yao wanatosha kuichukua Montreal. Jefferson naye, mstaafu kwake, akaandika Agosti 1812 kwamba kuichukua Kanada mpaka karibu na Quebec ni suala la kutembea tu. Kwenye hoja ya Madison hakuna neno kuhusu kuchukua Kanada. Jeshi lilipotoka lilielekea wapi? Kanada. Wapo wanahistoria wanaosema ni kwa sababu tu baharini wasingeweza kumpiga Mwingereza kwa hiyo wakaenda kumshika alipo karibu, wamkamate mkia aachie mabaharia. Inawezekana, na mimi naikubali nusu. Nusu nyingine naangalia nani alikuwa na haraka, naona ni wenye njaa ya mashamba, na dharau aliyofanyiwa baharia ikawa ndio gunia zuri la kubebea vitu vingine ambavyo visingependeza kubebwa wazi.

Na sio kwamba dharau ilikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli kabisa, ndio maana ilibeba.

Kilichoniuma zaidi ni tarehe. Mei 11, 1812 Waziri Mkuu wa Uingereza, Spencer Perceval, alipigwa risasi akafa ukumbini palepale Bungeni London, na mtu mwenye kisirani chake binafsi, ikachukua wiki kadhaa kupata serikali mpya. Serikali mpya ikaona zile amri za biashara zinaumiza viwanda vyao wenyewe, ikazifuta Juni 23. Marekani ilikuwa imetangaza vita Juni 18. Siku tano! Na habari inavuka Atlantiki kwa tanga wiki kadhaa. Madison alipopata taarifa akaambiwa basi tusimamishe, akasema na mabaharia je? London ikasema hao hatuachii. Kwa hiyo kwa muda fulani kweli vita ilisimama juu ya jambo hilo moja, la karatasi ya baharia, sababu nyingine kubwa ilishaondolewa mezani.

Vita yenyewe sitaisimulia sana. Ule utembeaji wa kwenda Kanada uliishia Detroit, Agosti 16, 1812, jenerali wa Kimarekani, Hull, alisalimisha ngome bila kupigana kwa kuogopa wapiganaji wa Tecumseh. Tecumseh mwenyewe akauawa Oktoba 1813, na kwa mtazamo wangu aliyeshindwa vita ile ni yeye na watu wake, wengine wote walirudi nyumbani. Wamarekani walichoma majengo ya serikali ya York, ambayo leo ni Toronto, Waingereza wakaja Washington Agosti 24, 1814 wakakuta meza ya rais imeandaliwa chakula, wakakaa wakala, wakanywa divai, wakamaliza wakachoma nyumba. Na huku hayo yakiendelea, kamanda wa Uingereza Kanada, Prevost, anaandika London kwamba theluthi mbili ya jeshi lake linakula nyama ya ng'ombe inayoletwa na wafanyabiashara wa Kimarekani kutoka Vermont na New York. Uzalendo una mipaka yake na ng'ombe ana bei yake.

Halafu wapo watu ambao kwao hesabu ilikuwa kinyume kabisa. Aprili 1814 admirali Cochrane alitangaza kwamba anayetaka kuondoka Marekani atapokelewa kwenye meli za Mfalme, kila mtu akaelewa anawaambia watumwa. Wakaenda kama elfu nne, wengine na watoto mgongoni, usiku, kwa mitumbwi, kuelekea manowari za bwana wa zamani wa mabwana zao. Baadhi ya wanaume wakavaa sare nyekundu wakapigana. Vita ilipoisha wengine wakapelekwa Nova Scotia na wengine Trinidad, wakapewa vipande vya ardhi vijijini, na kule Trinidad vizazi vyao mpaka leo wanaitwa Merikins.

Nilipolisoma hilo jina nilisimama, kwa sababu bibi yangu alikuwa na shuka la merikani. Ile pamba ngumu isiyopaushwa, sanda, tanga, mifuko, kila kitu merikani. Na kumbe hilo nalo lina mkono wake humuhumu. Kwa ile marufuku na vita, vitambaa vya Uingereza vilikuwa haviingii Marekani, watu wa Massachusetts wakaona bora tufume wenyewe, Francis Cabot Lowell ambaye alikuwa amezunguka viwanda vya Uingereza akikariri mashine kichwani akafungua kiwanda Waltham mwaka 1814, katikati ya vita. Viwanda vikakua, na wafanyabiashara wa Salem, kulekule Massachusetts, walipoanza kuja Unguja miaka ya 1820 ndio walikuja na hiyo nguo. Mwaka 1833 Seyyid Said akasaini mkataba na Marekani, merikani ikatembea na misafara mpaka maziwa makuu, ikawa ndio pesa yenyewe. Nguo ya mtu mmoja aliyegombana na bwana wake ikawa jina kwenye lugha yetu, na manowari tunayosema kila siku nayo ni neno la Kiingereza lililobanwa midomo ya watu wa pwani. Mahasimu wote wawili wako kwenye kamusi yetu kwa amani kabisa.

Amani walisaini Ghent, Ubelgiji ya leo, Desemba 24, 1814. Mipaka irudi ilipokuwa. Kuhusu mabaharia hakuna neno, hata moja. Napoleon alikuwa ameshapigwa, Uingereza haikuhitaji tena watu wengi melini, ikaacha tu kuwakamata bila kukiri kwamba ilikosea. Na kwa kuwa habari ilichelewa tena, Januari 8, 1815 jenerali wa Kimarekani Andrew Jackson akawapiga Waingereza vibaya New Orleans wakati amani imeshasainiwa, Wamarekani wakakumbuka ushindi huo wakasahau mengine.

Mwezi uliopita nilimpigia mjomba, shikamoo marahaba, nikamhadithia hii yote, alikuwa ananyamaza ile ya kusikiliza. Akaniuliza wale wanne je? Nikamwambia mmoja alinyongwa, Ware alikufa hospitali Halifax, wawili waliobaki walirudishwa Julai 1812, wakapandishwa tena kwenye sitaha ya Chesapeake ileile, Boston, vita ina wiki tatu.

"Na meli?"

Meli ilitekwa na Waingereza Juni 1813, mapigano ya kama robo saa. Wakaipeleka kwao, baadae wakaiuza ivunjwe, mbao zake akanunua mwenye kinu wa kijiji cha Wickham kule Hampshire, akajengea kinu cha kusaga nafaka 1820. Kipo mpaka leo.

"Bado wanasaga?"

Nikamwambia hapana, ndani wanauza vitu vya kale. Akacheka sana, akasema basi siku nikifika huko niwaulize kama wananunua na vitabu vya mabaharia.